Dawa ya usingizi haizuii ini kucheza
Makala inadai kwamba mtoto mdogo akishapewa dawa ya usingizi, picha za MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ya ini hutoka safi. Hapo sikubaliani. Usingizi huzuia kujigeuza na kurusha mikono, lakini mtoto bado anapumua, na ini limekaa chini ya kiwambo, yaani msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo, hivyo hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Kinachosaidia ni mkanda wa kupumua, unaofuatilia pumzi ili mashine ijue wakati wa kuchukua picha: ufungwe tumboni, si kifuani, kwa kuwa watoto wachanga hupumulia tumbo, na ushike mwili vizuri bila kubana. Ukilegea, wimbi kwenye skrini huwa bapa na mashine hukosa mwisho wa kutoa pumzi, ambao ndio wakati ini limetulia zaidi. Kwa T1 (aina mojawapo ya picha za MRI) yenye dawa ya kung'arisha, data ikusanywe kwa mistari inayopita katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mwendo hubaki michirizi hafifu badala ya vivuli vya ukuta wa tumbo kujirudia juu ya ini. Kuzima mng'ao wa mafuta nako hupunguza vivuli hivyo sana, ila wengi husahau! Na kichanga wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hahitaji dawa kabisa: anyonyeshwe nusu saa kabla, azibwe masikio, aviringishwe shuka isiyo na chuma. Wenye mashine za zamani zisizo na mbinu ya njiti, mnaongeza marudio mangapi ya kukusanya data ile ile kabla muda haujawa mrefu mno?