Meza ya matanga na mwimo mtupu

Katikati ya miaka ya 2000, familia moja ya Kiyahudi katika jengo la Shoreline Towers, Chicago, ilifiwa na baba. Chama cha wamiliki wa fleti kikawaletea meza na stendi ya makoti, vikawekwa koridoni kwa ajili ya wageni wa matanga, ingawa kanuni za jengo zilikataza kuweka vitu hapo. Kikakubali pia kwamba mezuza isiguswe hadi matanga yaishe. Mezuza ni kijikasha chenye maneno ya Torati ambacho Myahudi hukipigilia kwenye mwimo wa mlango wake. Watu waliporudi kutoka mazikoni, rabi akiwa miongoni mwao, meza ipo, stendi ipo, mwimo mtupu.

Kila inapotajwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inayokataza ubaguzi katika makazi, watetezi wa vyama hivi huwa na jibu moja: ulisaini mwenyewe. Si jibu la kubeza. Anayenunua fleti, au nyumba katika mtaa wenye chama, anapokea kanuni pamoja na funguo, na kwa kawaida wanaozisimamia ni majirani wasiolipwa hata senti, wanaokutana jioni baada ya kazi kubishana juu ya paa linalovuja. Wakimruhusu mmoja, kesho wa pili yuko mlangoni na lake. Familia ile ilipokishtaki chama chake, mwaka 2008 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufaa walikuwa upande wa chama: kanuni inayokataza kila kitu, iwe picha, msalaba au mezuza, haimbagui yeyote, na sheria iliyoagiza mlemavu alegezewe kanuni haikuagiza hivyo kuhusu dini.

Hoja nzito hiyo. Lakini tazama ni nani aliyesaini. Mama wa familia ile ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyotunga kanuni yenyewe, mwaka 2001. Ilitaja mikeka, mabuti, viatu, vitoroli na vitu vya aina yoyote nje ya milango. Mezuza za familia zilikuwa zimekaa miimoni kwa takriban miaka 30, na hata baada ya kanuni kupita hazikumkera mtu. Mwaka 2004 korido zikakarabatiwa, wakazi wakaambiwa watoe kila kitu milangoni. Kazi ilipokwisha familia ikazirudisha mezuza zake, na chama kikaanza kuzing'oa, tena na tena. Katika kanuni halikuwa limebadilika hata neno moja. Hapo ndipo hiyo "ulisaini" inaponikwama kooni: nilisaini maneno niliyoyasoma, au na kila maana ambayo kamati zijazo zitayapa?

Novemba 2009 mahakama ile ile ya rufaa, safari hii katika kikao kamili cha majaji, iliamua kwamba juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, lilipaswa kusikiliza kama maana hiyo mpya iliwalenga Wayahudi. Haikusema chama kina hatia. Ila meza ile ya matanga ikawa sehemu ya ushahidi: kama korido ni lazima iwe tupu, mbona yenyewe ilibaki? Wakati huo jiji na jimbo vilikwishatunga sheria zao za kuilinda mezuza.

Kwa watoto mambo ni rahisi zaidi. Tangu 1988 familia zenye watoto chini ya miaka 18 zinalindwa, isipokuwa kwenye makazi yaliyotengwa kihalali kwa wazee. "Ni marufuku kukimbia kando ya bwawa" inapita. "Ni marufuku watoto kukimbia" inaita wakili. Kuhusu mbwa wa kuliwaza, ambaye mlemavu anayemhitaji anaweza kuruhusiwa kukaa naye hata pale kanuni inapokataza wanyama, nakiri vyama vinaonewa kidogo, maana kuna tovuti zinazouza barua za kuthibitisha uhitaji kama vocha za simu. Hata hivyo, ulemavu usipoonekana kwa macho, sheria inakiruhusu chama kuomba uthibitisho wa kuaminika.

Kinachonisumbua zaidi ni pesa. Chama hakina mfuko mwingine zaidi ya ada za wanachama. Kwa hiyo anayekishtaki huku akiendelea kulipa ada yake anachangia gharama za kesi inayopiganwa dhidi yake. Kikishindwa na bima isitoshe, ada inapanda, na jirani wa ghorofa ya juu ambaye hajawahi hata kusikia neno mezuza naye analetewa bili.