Nani Alipe Likizo ya Uzazi?

Mtoto wa shangazi yangu ametandika vitanda kwenye hoteli moja hapa Malindi kwa misimu minne. Mwezi uliopita, tumbo lilipoanza kuonekana, akaambiwa mkataba wake hautaendelea. Hakuna aliyetaja mimba. "Wageni wamepungua," wakamwambia, na wiki hiyo hiyo akaletwa msichana mwingine kushika vyumba vyake.

Jioni, barazani, mzee mmoja tunayemheshimu akasema likizo hizi za kulipwa ndizo zinazowafanya wanawake wazae mfululizo. Nilinyamaza kwa adabu. Hapa sinyamazi. Sheria ya Ajira ya 2007 ilileta miezi mitatu kwa mshahara kamili. Ile ya zamani ilikuwa miwili, na mama akapoteza likizo yake ya mwaka. Mwaka 1989 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 6.7, mwaka 2022 ni 3.4. Likizo imerefuka, watoto wamepungua. Haya, Austria walipoiongeza kutoka mwaka mmoja hadi miwili mwaka 1990, kina mama waliongeza mtoto mwingine upesi zaidi na wakakawia kurudi kazini. Lakini hiyo ni miaka miwili! Sisi tuna miezi mitatu, na arubaini imo humo humo.

Kinachoniuma ni mlipaji. Mshahara wote wa miezi hiyo unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Hoteli kubwa itaumudu. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita, ambaye Mei hana hata mgeni mmoja, atampigia hesabu kila msichana kabla hajamwajiri: ameolewa? Ananyonyesha? Sheria iliyowekwa kumkinga ndiyo inayomfungia mlango. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki 14 kwa uchache, na pesa zitoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma. Tunakatwa NSSF ya uzeeni, tunakatwa SHA ya matibabu. Mbona pasiwe na fungu la mzazi, tukachangia sote, wake kwa waume? Hapo meneja hatakuwa na sababu ya kulitazama tumbo la mtu.

Kumbagua mjamzito ni marufuku, najua. Ila mikataba ya miezi mitatu mitatu huisha yenyewe, na kuthibitisha kwamba sababu ni mimba si kazi ya mtu asiye na nauli ya kwenda kwa wakili.

Mtoto wa shangazi yangu sasa anapika mahamri alfajiri na kuyauza mlangoni kwao. Jana aliniuliza, akienda kuomba kazi Desemba, aseme ana mtoto mchanga au anyamaze.