Majibu ya Thairoidi: Mashine Iaminiwe Hadi Wapi?

Vidonge vya biotini, aina ya vitamini B, vya kukuza nywele na kuimarisha kucha hununuliwa Kisumu bila cheti cha daktari. Kimoja huweza kuwa na mikrogramu 5,000, hata 10,000, ilhali mtu mzima hutosheka na 30 hivi kwa siku. Mwili huimudu ziada hiyo. Maabara ndiyo hupotoshwa.

Vipimo vingi vya homoni za thairoidi, tezi ya shingoni, hutumia biotini yenyewe kama kiungo cha kushikia kingamwili zinazonasa homoni. Damu ikijaa biotini ya vidonge, nafasi za kushikia huzibwa. Hapo TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, husomeka chini kuliko ilivyo, T4, homoni ya tezi yenyewe, ikasomeka juu, na mtu mwenye tezi nzima akaonekana ana thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Akianzishiwa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za thairoidi ambayo mara chache huangusha chembe nyeupe za damu, ametiwa hatarini bure. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili Novemba 2017. Tena biotini haiko peke yake: kuna watu ambao kingamwili zao wenyewe huvuruga kipimo, na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kupandisha T4 huru, ile isiyoshikwa na protini za damu, ndani ya chupa ya sampuli.

Wapo wanaotaka kila jibu la kutia shaka lithibitishwe kwa spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, isiyotegemea kingamwili. Kwa T4 hoja yao ina uzito, ila mashine hiyo ni ghali, na mgonjwa wa Ahero au Siaya ndiye atakayelipia. Wengine wanasema vipimo vipya vimeboreshwa vistahimili biotini, na majibu mengi ni sahihi. Shaka ikizidi, tiba itachelewa. Hili nalichukulia kwa uzito zaidi, maana mtoto mchanga aliyekosa homoni ya thairoidi akicheleweshwa tiba wiki chache tu, ubongo wake huumia.

Hata hivyo, jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa lisiandikiwe dawa kwa haraka. Aache vidonge angalau siku 2, apimwe upya, au sampuli ipitishwe kwenye mashine ya aina nyingine. Na fomu ya maabara ivitaje vidonge vya nywele waziwazi. Mama akiulizwa anatumia dawa gani, hatavitaja. Kwake hivyo ni vya urembo.