Doria ya Mto Xi: Uingereza ilidai haki gani kwa China?

Julai 1906 maharamia waliivamia meli ya mvuke Sainam katika Mto Xi, mkoani Guangdong, kusini mwa China, na daktari mmisionari wa Kiingereza akauawa. Uingereza ikaishinikiza serikali ya Qing, nasaba iliyoitawala China wakati huo, iudhibiti mto. Haikuridhika, na mwishoni mwa 1907 manowari zake zikaanza doria zenyewe.

Kisheria, Waingereza walikuwa na pa kusimamia. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Tianjin wa 1858, kati ya Uingereza na China, kiliwapa maofisa wa China wajibu wa kuwasaka waliopora meli za Waingereza, na cha 52 kiliziruhusu manowari za Uingereza zinazofukuza maharamia kuingia bandari za China. Hatari nayo ilikuwepo kweli. Maharamia wa kule hawakuhitaji hata chombo chao: walipanda kama abiria, silaha wamezificha, kisha safari ikiwa katikati wakaiteka meli. Wachina wa kawaida waliosafiri humo hawakuwa na balozi wa kuwasemea Beijing.

Lakini mkataba huo ulipatikanaje? Oktoba 1856, huko Guangzhou, mji mkuu wa Guangdong, askari wa China waliingia kwenye chombo kiitwacho Arrow wakawakamata mabaharia 12 kwa tuhuma za uharamia. Mabaharia hao walikuwa Wachina, mwenye chombo Mchina. Kilikuwa kimesajiliwa tu Hong Kong, koloni la Uingereza wakati huo, na usajili wenyewe ulishakwisha muda. Uingereza ikadai bendera yake imevunjiwa heshima, ikaupiga mji mizinga. Vita vilivyofuata ndivyo vilivyozaa mkataba wa Tianjin. China ilipigwa kwa kukamata watuhumiwa wa uharamia, kisha ikasainishwa kwamba itawakamata. Kwangu mimi, hapo ndipo madai ya Uingereza yanapopoteza uzito mwingi.

Wafanyabiashara wa Guangzhou waliipinga doria hadharani mwaka 1907. Pendekezo la kuiweka chini ya kamishna wa forodha halikuwatuliza, maana idara hiyo ya China iliongozwa na Mwingereza, Robert Hart. Mapema 1908 manowari zikaondolewa. Wafanyabiashara hao walikuwa sahihi kwamba mto ni wa China, ingawa usahihi huo peke yake haukumlinda msafiri, na Qing ilikuwa dhaifu mno kumlinda.

Udhaifu huo ulikuwa na wachangiaji wa nje. Februari 1908 maofisa wa China waliikamata karibu na Macau meli ya Kijapani, Tatsu Maru, ikiwa na bunduki walizoamini ni za magendo. Japani ikailazimisha China iombe radhi na kulipa, na watu wa Guangzhou wakajibu kwa kususia bidhaa za Kijapani. Doria yoyote, ya Waingereza au ya Wachina, ingewakimbiza maharamia mtoni huku bunduki mpya zikiingia chini ya bendera ambazo ofisa wa Guangdong hakuthubutu kuzigusa.