Kura ni Yako, Mhuri si Wako

Jamaa yangu mmoja wa upande wa mama, bibi wa Kizingitini, aliondoka kwao alfajiri na boti ya kwanza. Wanaoijua safari hiyo wanajua si kila saa utapita: Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, unataka maji yajae, na maji hayamngoji mtu. Alikuja Amu, mjini Lamu, na fomu ya basari, msaada wa karo, ya mjukuu wake, imekunjwa mara nne, imefungwa kwenye pindo la leso. Nikamsindikiza ofisini maana macho yake hayashiki tena herufi ndogo. Karani aliikunjua ile fomu, akainyoosha kwa kiganja, akatazama wadi, akatazama jina la ukoo. Kisha akainama kidogo juu ya kaunta akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama, nyinyi ni wa kwetu au wa upande wa pili?"

Hakuuliza alama za mtoto. Hakuuliza kama baba yake yu hai. Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni, akajibu, "Sisi ni wa Kizingitini, mwanangu." Basi akaambiwa mkubwa hayupo, arudi kesho. Na kesho, kwa mtu wa Kizingitini, ni nauli ya kwenda na kurudi, ni kazi iliyolala nyumbani, ni maji mengine ya kungojewa.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Kilichonikaa moyoni ni kwamba yule karani nilimfundisha mimi, darasa la tano, na alikuwa mtoto mpole mwenye mwandiko mzuri. Usiku, baada ya isha, alinifuata barazani. Alikaa ukingoni, hakuegemea. "Mwalimu, nimekuja kutaka radhi," akaniambia. Nikamwuliza radhi ya nini, na mimi naijua. Akanieleza kwamba mkataba wake ni wa miezi mitatu. Ukiisha, majina hupelekwa juu, na huko juu husomwa na watu ambao hawamjui kwa kazi yake, wanamjua kwa kuonekana. Alipewa fulana yenye sura ya mwaniaji akaambiwa aivae Jumamosi kwenye mkutano wa hadhara, na kwamba macho yatakuwepo. Asiyeonekana hupigwa kalamu. Ana mke, ana mtoto mchanga, na mamake anategemea hicho hicho kimshahara.

Usiku ule sikuweza kumkasirikia kama nilivyokusudia.

Tunapozungumzia kuutenga utumishi wa umma na siasa za vyama, tunazoea kumnyooshea kidole mtumishi. Tunamwambia asiegemee, asivae rangi, asionekane jukwaani. Sheria za Kenya nazo zimesema hivyo zamani. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa kukitumikia chama kazini au kuonyesha anamuunga mkono nani. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 ikamzuia kuwa mwanzilishi wa chama au kushika cheo ndani yake. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka huo huo ikamtaka anayetaka kuwania kiti ajiuzulu miezi sita kabla ya siku ya kura. Makatazo tunayo ya kutosha. Tulichokosa ni kumkinga yule anayetaka kuyatii. Ukimwambia kijana asiegemee upande na riziki yake umeitundika kwenye mkono wa mwanasiasa, hujamwambia kitu.

Na kinga imeandikwa, wala haijafichwa. Kifungu cha 236 cha Katiba ya 2010 kinasema mtumishi wa umma hataonewa wala kubaguliwa kwa sababu ametekeleza kazi yake kwa mujibu wa sheria, na hatafukuzwa, kushushwa cheo wala kuadhibiwa bila utaratibu wa haki. Ni mistari michache tu. Nimekisoma kifungu hiki mbele ya watu wanaofanya kazi za serikali na wengine wameniambia hawajapata kukisikia. Kile cha 232, kinachowataka wawahudumie wananchi bila upendeleo, wanakijua, kimebandikwa kwenye kuta. Kile cha kuwalinda hakuna aliyekibandika.

Babangu alikuwa karani wa serikali zama za chama kimoja. Vijana wa leo hawajui ilivyokuwa. Kuanzia 1982 KANU ilikuwa ndiyo chama pekee kisheria, mpaka Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kilichopiga marufuku vyama vingine, kilipofutwa. Mtawala wa wilaya alikuwa mtu wa serikali asubuhi na mtu wa chama jioni, na mwenye shida hakuweza kujua anaongea na yupi. Mwaka 1988 ukaja mlolongo: watu wakijipanga nyuma ya mwaniaji au picha yake wahesabiwe, na aliyepita asilimia 70 kwenye mchujo akaingia bungeni bila kupingwa. Waliosimamia hesabu ni maafisa wa utawala wale wale waliokula kwa mkono wa serikali iliyokuwa ikitaka matokeo yake. Nchi nzima ilisimulia foleni fupi zilizoshinda foleni ndefu.

Baba aliombwa kazi moja katika siku hizo ambayo mpaka anakufa hakuisimulia yote. Alisema tu kwamba alitakiwa aandike tarakimu ambayo hakuihesabu. Hakuiandika. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya uhamisho, na sisi tukabaki Amu na mama, yeye akaenda bara kukaa miaka minne mahali asikoweza hata kununua samaki mbichi. Nakumbuka barua zake, karatasi ya mistari ya ofisi, na kila mara mwisho ameandika, "Nisalimie bahari." Nilikuwa mtoto, niliona ni mzaha wa baba. Nilipokua ndipo nikaelewa ni adhabu aliyokuwa akiibeba.

Mtu huyu alikuwa na msimamo wake wa siasa, tena mkali. Mama alituambia hata yeye hakujua kura ya mumewe iliangukia wapi. Pale uwanjani Mkunguni mazungumzo yakianza kuchemka yeye huinuka, huomba ruhusa, hujifunga vizuri kikoi chake akaenda zake. Si kwamba aliogopa. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba kesho mmoja wao atakuja kwake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na asingependa aje akijiuliza kama jana walibishana.

Naileta habari hii kwa sababu watu wa hapa huniambia: Mwalimu, Amu ni kisiwa, sote ni ndugu, utamtenga nani na siasa? Mwaniaji ni mtoto wa ami yako, mpinzani wake amemwoa dadako, na wote wawili utawaona harusini wamekaa mkeka mmoja. Ni kweli tupu. Ndiyo maana sisi tunalihitaji jambo hili kuliko watu wa miji mikubwa. Nairobi karani hajui wewe ni nani. Hapa anajua nyumba yenu, mtaa wenu, na nani alifutari kwenu Ramadhani iliyopita. Hatuwezi kumtaka asijue. Tunaweza kumtaka ajizuie pale mhuri unapokuwa mkononi. Kura ni yake, akaipige atakavyo. Mhuri aliokabidhiwa ni wa watu wote waliolipa kodi, pamoja na yule atakayemnyima kura mtoto wa ami yake.

Wapo pia wasemao kwamba aliyeshinda ana haki ya kufanya kazi na watu anaowaamini. Hili silipingi, na sheria haikumnyima. Gavana ana mawaziri wake wa kaunti, ana washauri wake, na hao huja naye wakaondoka naye. Hiyo ndiyo sehemu ya siasa na ina mlango wake. Lakini msimamizi wa wadi, mkusanya ushuru wa soko, nahodha wa boti ya wagonjwa, mhudumu wa zahanati, karani wa basari, hawa si wa mshindi. Hawa wanatakiwa kuajiriwa kwa ushindani kupitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Na tazama busara iliyomo: mjumbe wa bodi hupewa miaka sita, mara moja tu, haiongezwi. Gavana hupewa mitano. Mwaka ule mmoja wa ziada humvusha mjumbe ng'ambo ya uchaguzi, asiwe na deni la kulipa wala cha kuomba. Udhaifu upo, kwa kuwa gavana ndiye anayewateua na bunge la kaunti kuwapitisha. Lakini njia ya kuikwepa bodi siku hizi ni nyepesi zaidi: huigusi, unaajiri vibarua.

Kibarua ndipo palipo na tatizo lenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi, au kazi isiyoweza kumalizika chini ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kibarua, ana haki za mwajiriwa wa mshahara. Ukimkuta mtu amekaa kaunta moja miaka minne kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, jiulize anayefaidika ni nani. Kazi haijawa ya muda, ni ile ile kila siku. Kilichofanywa cha muda ni usalama wake, ili kila baada ya siku tisini akumbushwe ni nani anayempa.

Na hata kwa hesabu ya tumbo tu, kambi haimfai mtumishi. Hapa Lamu ugavana ulibadilika 2017 ukabadilika tena 2022. Aliyejifunga kwa upande mmoja ameshaonja joto na baridi.

Wamarekani waliwahi kuishi hivi kwa miaka mingi, ofisi za serikali zikigawiwa kama ngawira kila uchaguzi, mpaka 1881 Rais James Garfield alipopigwa risasi na mtu aliyeamini kwamba amepiga kampeni na sasa anadai cheo chake. Miaka miwili baadaye wakatunga sheria ya kuajiri kwa mtihani kwa sehemu ya kazi hizo. Sisi hatuna haja ya kungoja damu.

Kitu ninachokiogopa zaidi ya fulana ni orodha. Maisha ya mtu wa kawaida Lamu yanapita kwenye orodha za majina: nani apate chakula cha msaada ukame ukija, nani aingie kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na wasiojiweza, apate zile shilingi 2,000 za mwezi, mtoto wa nani apate basari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa hapa wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Furaha ilikuwa kubwa, na neno lililofuata mara moja barazani lilikuwa: nani ataandikwa mvuvi? Watu hawakuuliza hivyo kwa uchoyo. Waliuliza kwa sababu wameshajifunza kwamba anayeshika kalamu ana nguvu kuliko anayeshika mshipi. Jina likirukwa kwa sababu ya chama, hakuna kelele. Hakuna aliyepigwa wala aliyetukanwa. Mzee hurudi kwao akidhani bahati yake ndogo.

Ndiyo maana ninachokitaka kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 ni vitu vya kushikika. Orodha ya kila msaada wa umma ibandikwe msikitini, kanisani, gatini na kwa chifu, majina yote na sababu ya kila jina, na aliyerukwa aambiwe kwa maandishi. Mikataba ya miezi mitatu inayorudiwa ifikishwe kwenye bodi, kila mmoja ashindanie kazi anayoifanya tayari. Boti na magari ya umma yaandikiwe safari zake kwenye daftari ambalo mwananchi yeyote anaweza kuliomba alione. Niliwahi kusimama gatini nikaona boti ya umma ikipakuliwa viti vya plastiki na hema la mkutano wa chama, na hakuna aliyeona ajabu, hata watoto. Na Kifungu cha 236 kibandikwe ukutani, kando ya kile cha 232, kwa maandishi makubwa, ili kijana anayepewa fulana awe na cha kukionyesha.

Kijana wangu nilimwuliza kama atakwenda Jumamosi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Punda alipita na mawe ya ujenzi, tukasogeza miguu. Akasema, "Nitakwenda, Mwalimu. Sina la kufanya. Lakini ile fomu nimeiingiza leo leo kabla sijafunga. Mwambie bibi asihangaike kurudi."

Nilimpigia simu bibi usiku ule ule. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama sasa ana deni, na kama ni hivyo, amlipe nani kura.