Sahihi ya Daktari Si Usimamizi

Kwa miaka kadhaa sasa mjadala kuhusu wasaidizi wa madaktari, yaani kada inayochunguza wagonjwa, kutambua magonjwa, kuandika dawa na kusaidia katika upasuaji bila kupitia shahada ya udaktari, umekwama kwenye swali moja: je, waendelee kufanya kazi chini ya sahihi ya daktari, yaani daktari anayetia sahihi mkataba wa kuwasimamia na mafaili ya wagonjwa wao, au waachwe wajitegemee? Vyama vya madaktari vinasema kwamba kuiondoa sahihi hiyo ni kuwahatarisha wagonjwa, na vyama vya wasaidizi vinajibu kwamba ni karatasi tu inayochelewesha huduma. Kila upande una hoja yake, lakini naona wote wanagombania kisicho kiini. Kinachomlinda mgonjwa ni kuwapo kwa daktari anayeifahamu kazi ya msaidizi wake na anayepatikana anapoitwa, na jambo hilo linaweza kukosekana pale ambapo sahihi ipo na likapatikana pale ambapo haipo.

Kada hii ilizaliwa Marekani kutokana na uhaba wa madaktari. Mwaka 1965 Eugene Stead, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, alianzisha darasa la wanafunzi wanne waliokuwa wamehudumu kama watoa tiba katika jeshi la majini, na watatu kati yao wakahitimu mwaka 1967. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu, akishirikiana na muuguzi Thelma Ingles, kuwaendeleza wauguzi kufikia kiwango hicho, lakini chombo kilichotoa ithibati kwa elimu ya uuguzi kiliukataa mpango wao. Uamuzi huo wa kiofisi, ambao leo wachache wanaukumbuka, ndio uliomfanya Stead awageukie watu waliokuwa wamefunga majeraha na kutibu wagonjwa jeshini, kisha wakarudi uraiani na kukuta hakuna ajira inayotambua ujuzi wao. Leo Marekani ina wasaidizi wa madaktari wenye vyeti zaidi ya 150,000. Masomo yao huchukua takriban miezi 27 baada ya shahada ya kwanza, yakiwa na zaidi ya saa 2,000 za mafunzo kwa vitendo, na huishia na mtihani wa kitaifa. Daktari husoma miaka minne ya udaktari, kisha huongeza miaka mitatu hadi saba ya kufanya kazi chini ya uangalizi hospitalini kabla hajaachiwa wagonjwa peke yake.

Tofauti hiyo ya miaka hutajwa sana, ila kuna tofauti nyingine ambayo kwa maoni yangu ina uzito zaidi na haitajwi vya kutosha. Daktari bingwa wa ngozi hawezi kuamka asubuhi akaamua kuwa wa mifupa. Itambidi arudi mafunzoni kwa miaka. Msaidizi wa daktari anaweza. Mafunzo yake ni mapana, leseni yake haifungwi kwenye fani moja, na akihama kutoka kliniki ya ngozi kwenda idara ya dharura hahitaji cheti kipya ili aruhusiwe kuanza kazi. Waajiri wanaupenda wepesi huo kwa sababu unawawezesha kujaza pengo lolote linalojitokeza, na wasaidizi wenyewe wanauthamini kwa sababu unawaepusha na kuchoshwa na kazi ile ile maisha yao yote. Sioni ubaya wowote katika hilo. Ila wepesi huo haukutoka hewani. Uliwezekana kwa sababu tangu mwanzo ilichukuliwa kwamba kila anakokwenda msaidizi atamkuta daktari wa fani hiyo, atafundishwa naye kazi kila siku, na atapewa uhuru kidogo kidogo kadiri daktari huyo anavyomwamini. Kwa maneno mengine, ubingwa wa msaidizi ulikuwa unapatikana kazini, mikononi mwa mtu anayemjua. Anayedai uhuru kamili na wakati huo huo akadai kubaki na ruhusa ya kuhama fani apendavyo anadai vitu viwili ambavyo havikai pamoja, na bado sijasikia upande wa wasaidizi ukilijibu hilo kwa uwazi.

Hata hivyo sitaililia sahihi. Katika hospitali nyingi usimamizi uliokusudiwa na sheria umegeuka kuwa kazi ya mezani: daktari anafungua mafaili ya wagonjwa ambao hajawahi kuwaona, siku kadhaa baada ya wao kwenda nyumbani, na kuweka sahihi moja baada ya nyingine ili mahesabu yafungwe. Kuna mikataba ya usimamizi ambamo daktari yuko mji mwingine na msaidizi hajui hata sauti yake. Sahihi ya namna hiyo haimzuii mtu kukosea. Kinachofanyika ni kumtafutia mtu wa pili wa kulaumiwa. Majimbo ya North Dakota mwaka 2019, kisha Utah na Wyoming mwaka 2021, yalipoanza kuondoa masharti ya mikataba ya maandishi, wengi walitabiri maafa. Mimi naona kilichoondolewa kilikuwa, mara nyingi, kimeshakufa.

Wanaodhani kwamba mtu asiye na shahada ya udaktari hawezi kamwe kukabidhiwa kazi nzito wanapaswa kutazama Afrika, ambako kada za kati zimebeba huduma kwa miongo mingi. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafundisha mafundi wa upasuaji, watu wasio madaktari wanaofanya upasuaji mkubwa katika hospitali za wilaya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asilimia 88 kati yao walikuwa bado katika hospitali za wilaya miaka saba baada ya kupangiwa huko, ilhali madaktari waliopelekwa huko walikuwa wameondoka wote. Nchini Tanzania madaktari wasaidizi walifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za wilaya, na watafiti waliolinganisha matokeo yao na ya madaktari hawakuona tofauti ya maana. Ushahidi huu ni mzito na haupaswi kupuuzwa na yeyote anayezungumzia viwango.

Lakini tuusome vizuri. Fundi wa upasuaji wa Msumbiji hufundishwa kazi iliyochorewa mipaka, huirudia mamia ya mara, na hubaki ndani ya mipaka hiyo kwa miaka mingi. Mama anayefikishwa kwake akiwa na uchungu uliokwama ana tatizo linalojulikana na tiba inayojulikana. Huo ni ushahidi kwamba muda mfupi wa masomo unatosha pale kazi inapokuwa na mipaka na mazoezi yanapokuwa mengi. Hautuambii lolote kuhusu mtu aliyesomea kila kitu kwa upana kisha akawekwa kwenye chumba ambacho lolote linaweza kuingia mlangoni.

Hapo ndipo Uingereza ilipoteleza. Mwaka 2023 huduma ya afya ya taifa ilitangaza mpango wa kuongeza kada hii hadi kufikia watu 10,000 ifikapo mwaka wa fedha wa 2036/37, na wengi wa waliokuwapo walikuwa tayari wanatumika katika kliniki za madaktari wa familia, wakipokea wagonjwa ambao hakuna aliyejua bado wanaumwa nini. Kwa mtazamo wa msimamizi wa ratiba, mgonjwa anayelalamika maumivu ya mguu na kuhema anaonekana mwepesi kuliko mgonjwa wa upasuaji. Kitabibu mambo ni kinyume. Malalamiko hayo yanaweza kuwa ya msuli ulioshtuka na wasiwasi wa kawaida, na yanaweza kuwa ya donge la damu lililotoka mguuni likasafiri hadi kwenye mapafu, na kazi ya kutenganisha hayo mawili ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu anayeikosa hajui kama ameikosa. Vilitangazwa vifo vya wagonjwa walioondoka kliniki wakiamini kwamba wameonana na daktari. Baraza linalosajili madaktari wa nchi hiyo lilianza kuisimamia kada hii Desemba 2024 tu, zaidi ya miaka ishirini tangu wasaidizi wa kwanza waanze kufanya kazi huko. Julai 2025 ripoti huru iliyoongozwa na Profesa Gillian Leng ilipendekeza kwamba wasiwaone wagonjwa ambao ugonjwa wao haujatambuliwa isipokuwa kwa miongozo maalumu, na kwamba wapya wafanye kazi hospitalini angalau miaka miwili kabla ya kwenda kwenye kliniki za huduma ya msingi. Pendekezo la kubadili jina la kada lilipata kelele zaidi kwenye magazeti. Hayo mawili niliyoyataja yana faida kubwa zaidi.

Fedha nazo zinachangia, ingawa si kwa njia ambayo watu huidhania. Tangu sheria ya bajeti ya mwaka 1997, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, humlipa msaidizi asilimia 85 ya kile ambacho daktari angelipwa kwa kazi ile ile. Hata hivyo kuna utaratibu unaoruhusu, kwa masharti fulani, kazi iliyofanywa na msaidizi idaiwe kwa jina la daktari na kulipwa yote. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya kazi ya wasaidizi haionekani kwenye takwimu, na anayetaka kujua wagonjwa wao wanaendeleaje anahesabu kazi yao chini ya jina la mtu mwingine. Ni ajabu kwamba tunabishana kwa ukali kiasi hiki juu ya usalama wa kada ambayo tumekubali kuificha kwenye ankara.

Sheria ninayoiona ina busara ni ya Utah, na sijui kwa nini haizungumzwi zaidi. Msaidizi mwenye uzoefu wa chini ya saa 4,000 hushirikiana moja kwa moja na daktari. Kuanzia hapo hadi saa 10,000 anahitaji makubaliano ya maandishi na daktari au na msaidizi mwenzake mkongwe. Baada ya hapo anajitegemea. Akiamua kuhamia fani ambayo hana uzoefu nayo wa kutosha, anarudi kwenye ushirikiano na daktari wa fani hiyo kwa saa nyingine 4,000. Uhuru hapa unafungwa kwenye kazi ambayo mtu ameifanya, na kuhama kunabaki kuruhusiwa ila kunalipiwa kwa muda.

Ningeongeza sharti moja tu: muda ambao daktari anautumia kumfundisha na kumsikiliza msaidizi anayeanza uhesabiwe kuwa kazi, uingizwe kwenye ratiba yake, na idadi ya wagonjwa anaopangiwa siku hiyo ipunguzwe. Daktari ambaye foleni yake ni ndefu kama ya mwenzake asiye na msaidizi wa kumwangalia atajibu simu ya kwanza, atajibu ya pili kwa haraka, na ya tatu msaidizi mwenyewe ataona aibu kuipiga.