Mbegu ya Pamba ya Igunga: Afya Ipo, Sumu Ipo, na Fedha Je?

Mkulima wa Igunga, mkoani Tabora, Tanzania, akipeleka kilo 100 za pamba mbegu (pamba ambayo haijatolewa mbegu) kwenye AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha wakulima, karibu kilo 60 ni mbegu tupu. Zikishachambuliwa, mbegu hubaki kwa mwenye kiwanda, akakamua mafuta na kuuza mashudu. Sasa wapo wanaosema humo mna mali zaidi: viambata vya asili vinavyojenga afya.

Hawakosei. Mafuta ya pamba yana vitamini E nyingi, na yana steroli za mimea, zinazozuia kolesteroli isifyonzwe yote tumboni. Mafuta yanapoondolewa harufu kwa mvuke, sehemu ya viambata hivyo hutoka nao, na viwanda vikubwa duniani huvikusanya kwa ajili ya virutubisho na vipodozi.

Lakini mbegu hiyohiyo ina gosipoli, sumu ya njano ambayo mmea hujikinga nayo dhidi ya wadudu. Hapa nawasihi wanaoisifu mbegu hii waende taratibu. China iliijaribu gosipoli kwa wanaume kama dawa ya kupanga uzazi miaka ya 1970, ikaachwa: potasiamu ilishuka mwilini, na wengine hawakuweza kuzaa tena. Ng'ombe mkubwa huihimili kwa kiasi kwa kuwa anacheua. Ndama na nguruwe hudhurika, na kuku akilishwa mashudu yake, kiini cha yai likihifadhiwa hugeuka kijani cha matope. Mafuta ghafi, yale mekundu yenye weusi, bado yanayo mpaka yasafishwe kiwandani kwa soda kali (caustic soda). Kuyatia kwenye chupa na kuyaita tiba ni kuhatarisha watu.

Marekani iliruhusu mwaka 2019 mbegu yenye gosipoli kidogo sana iliwe na binadamu, kazi ya mtafiti Keerti Rathore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M. Hiyo ni pamba ya uhandisi jeni, iliyobadilishwa vinasaba maabara, si ya kupandwa kesho Nzega.

Kwa hiyo vitamini isubiri. Kuitenga kunataka kiwanda kinachosafisha mafuta mengi mwaka mzima, na pamba yetu ni ya msimu. Faida ya karibu ni mafuta yaliyosafishwa vizuri, katika nchi inayoagiza mafuta ya kula kutoka nje, na mashudu yaliyopimwa gosipoli kwa wafugaji. Hata hayo, mkulima hayaoni asipolipwa kwa ajili yake. AMCOS zidai kwenye mkataba bei ya mbegu iandikwe peke yake, kando ya bei ya nyuzi, au zirudishiwe sehemu ya mashudu.